Mwanafunzi Asiyejua Atakalosomea Chuo Kikuu

Muhula uliopita, jioni moja baada ya vipindi, mwanafunzi wa Kidato cha Sita alikuja mlangoni pa chumba cha walimu akabisha hodi. Aliniamkia, nikaitikia, kisha akasimama kimya kitambo. Nilidhani amekuja kuomba ruhusa ya kwenda kwao Marangu. Mwisho akasema, "Mwalimu, wenzangu wote darasani wanajua watakalosomea. Mimi sijui. Je, mtu anaweza kuomba chuo kikuu bila kujua?"

Nilimwambia akae. Tulizungumza mpaka kengele ya chakula cha jioni ikalia, na alipoondoka niliona kuwa yale tuliyosema yafaa yaandikwe katika gazeti letu. Swali lake si lake peke yake. Wazazi nao huniuliza, hasa siku za soko hapa Himo, nikiwa na kikapu mkononi na bei ya mahindi bado haijakubaliwa. Tena, kwamba wenzake wote wanajua si kweli. Nimefundisha darasa lile hesabu kwa muda wa kutosha, nami nawajua. Wengi wanajua jina la kazi tu: daktari, injinia, mwanasheria. Ukiwauliza mtu huyo hufanya nini tangu asubuhi mpaka jioni, hunyamaza.

Jibu la swali lake, kwa upande wa nchi yetu, ni kuwa haiwezekani. Katika fomu ya maombi ya vyuo vyetu hakuna mahali pa kuandika "sijaamua". Mwombaji hutaja programu, yaani shahada maalumu katika chuo maalumu, naye huchaguliwa kwa programu hiyo au hukosa. Majirani zetu wa Kenya, hapo ng'ambo ya Holili, nao hutaja programu wanapoomba.

Kwa nini iwe hivyo? Yafaa turudi nyuma kidogo. Elimu yetu ya juu ilizaliwa katika malezi ya Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi wa Oktoba 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, nacho kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. (Mwanafunzi wa mwaka ule hakusumbuka kuchagua!) Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Desturi ya Kiingereza ni kumwambia kijana achague mapema. Kuchagua huanza anapoingia Kidato cha Tano, masomo yake yanapopunguzwa yakawa matatu makuu, na kwa hiyo shahada nyingi huweza kumalizwa kwa miaka mitatu. Muda wa kuzungukazunguka hakuna, maana ule mzunguko ulihesabiwa kuwa umekwisha shuleni.

Marekani wana desturi nyingine. Shahada ya kwanza huko ni ya miaka minne, na vyuo vingi humpokea mwanafunzi chuoni kwanza, si katika idara. Mwombaji huweza kuandika kabisa kuwa hajaamua, wala hahesabiwi kuwa mjinga. Mwaka wa kwanza na wa pili husoma mambo mbalimbali, kidogo historia, kidogo sayansi, kidogo lugha, na kwa kawaida hutakiwa kutaja somo lake kuu ifikapo mwisho wa mwaka wa pili. Hata huko, lakini, milango mingine haingojei: anayetaka uinjinia au uuguzi mara nyingi hutakiwa kusema tangu mwanzo, kwa kuwa masomo yake hupandana kama ngazi.

Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya alipita njia ile. Alikwenda Marekani mwaka 1960 katika ule msafara wa wanafunzi wa Afrika Mashariki, akaingia chuo kidogo cha Mount St. Scholastica katika mji wa Atchison, Kansas. Alipomaliza mwaka 1964 somo lake kuu lilikuwa biolojia, na pembeni yake kemia na Kijerumani. Biolojia na Kijerumani katika shahada moja! Katika vyuo vyetu mchanganyiko kama huo ni vigumu kuupata.

Uskoti nako wana njia yao, ya miaka minne, na mwanzo wake ni mpana kuliko ule wa Uingereza. Mwalimu Nyerere alipofika Edinburgh mwaka 1949 alianza kwa masomo mafupi ya kemia na fizikia. Kisha mwezi wa Oktoba mwaka huohuo akaingia Kitivo cha Sanaa. Huko alisoma uchumi, anthropolojia, historia, sheria za katiba na falsafa ya maadili, akatunukiwa shahada yake mwaka 1952. Nayasema haya ili kijana anayeona aibu kwa kutojua ajue kuwa hata mtu yule aliyekuja kuongoza nchi alianzia kwenye chupa za maabara akaishia kwenye falsafa.

Lakini wengi wetu hatuendi Edinburgh wala Kansas. Twaenda Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro, Mzumbe, au twabaki papa hapa Moshi. Basi asiyejua afanyeje? Kabla sijajibu, hapana budi niseme yaliyonipata mimi, maana sikuyasoma katika kitabu.

Nilimaliza Kidato cha Sita mwezi wa Februari 2012, tahasusi ya EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu. Wakati ule mtihani ulifanywa Februari, na vyuo vilifunguliwa Oktoba, kwa hiyo nilikaa nyumbani miezi mingi nikimsaidia shangazi yangu sokoni Himo kupima mahindi. Baba alitaka niwe injinia. Hakuna aliyemwambia, wala mimi sikuthubutu kumwambia, kuwa mtu asiyesoma fizikia hawezi kupokewa uinjinia, hata awe hodari wa hesabu namna gani. Mimi mwenyewe sikutaka kitu chochote hasa. Nilipenda hesabu, lakini sikuona kama kupenda hesabu ni kazi.

Wakati ule maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, ulioanza mwaka 2010. Mwombaji aliweka machaguo yake kwa mpangilio, la kwanza, la pili, na kuendelea, nao mfumo ukamweka mahali pamoja. Nilikwenda kwenye kibanda cha intaneti na karatasi yangu ya matokeo. Kijana wa pale aliniuliza, "Unataka nini?" Nikasema, "Chochote kizuri." Akacheka, akanijazia. Nakumbuka akisema, "Weka hii, haina watu wengi." Nililipa, nikarudi sokoni. Sikusoma hata majina ya programu zile kwa utulivu.

Nikachaguliwa katika chaguo la nne, shahada ya mambo ya utumishi na usimamizi wa wafanyakazi, katika chuo nisichopenda kukitaja, maana hakikuwa na kosa. Walimu walikuwa wema na vitabu vilikuwapo. Ila mimi nilikaa darasani kama mtu aliyepanda basi la Rombo naye anakwenda Same. Nilipofikiri kuhama programu, muda wa kuhama ulikuwa umepita. Nikamaliza mwaka, nikafaulu kwa shida, nikaandika barua ya kujiondoa. Mwaka 2013 niliomba upya, safari hii ualimu wa hesabu na jiografia, na nilijaza fomu kwa mkono wangu mwenyewe. Mkopo sikuupata mara ya pili. Mwaka wa kwanza wa masomo mapya ulilipwa na ng'ombe mmoja wa baba na faida ya mahindi ya shangazi, na deni la ule mwaka uliopotea lilinifuata mpaka kwenye mshahara wangu wa kwanza wa ualimu. Baba hakunilaumu. Alisema tu, "Ungaliniambia." Neno lile bado nalisikia.

Sasa nieleze mambo yalivyo siku hizi, kwa kuwa yamebadilika. Tangu mwaka 2017 mwombaji haombi tena kwa Tume, bali huomba moja kwa moja kwa kila chuo anachokitaka, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Tume hutoa kitabu cha mwongozo kinachoonyesha programu zote na sifa za kuingia. Udahili hufanywa kwa awamu. Akichaguliwa na vyuo viwili au vitatu, mwombaji hupewa namba ya siri ya kuthibitisha, naye huthibitisha chuo kimoja tu. Jambo hili ni jema sana kwa asiyeamua, maana linampa siku chache za kufikiri akiwa na majibu mkononi. Lakini siku hizo huisha upesi. Nimeona vijana waliosahau kuthibitisha kwa sababu simu ya namba waliyoandika ilikuwa ya binamu aliye safarini.

Sifa ya chini ya kuingia shahada ni kufaulu masomo mawili makuu ya Kidato cha Sita yenye jumla ya pointi 4, tukihesabu A kuwa 5, B kuwa 4, C kuwa 3, D kuwa 2 na E kuwa 1. Hiyo ni sifa ya chini tu, nayo humdanganya mtu. Kila programu ina masharti yake juu ya hayo. Udaktari hutaka fizikia, kemia na biolojia, yote matatu. Kwa hiyo swali la kwanza la asiyejua lisiwe "Nataka nini?" bali "Milango ipi bado iko wazi kwangu?" Mimi nilianzia na swali lile la kwanza, nikakwama. Laiti ningalianza na la pili, ningaliona mara moja kuwa uinjinia umefungwa, na kuwa iko wazi milango ya uchumi, takwimu, uhasibu, upangaji miji, uchumi wa kilimo, na ualimu wa hesabu. Sita si mingi. Mtu huweza kuitembelea mmoja mmoja.

Wanafunzi wa Kidato cha Nne nao wasikilize hapa, ingawa wanadhani habari hii si yao. Mnapojaza fomu ya tahasusi ndipo mnapofunga milango mingi kuliko siku nyingine yoyote. PCB huacha wazi udaktari, famasi, uuguzi, maabara, kilimo, mifugo na ualimu wa sayansi, lakini kwa kawaida hufunga uinjinia, kwa kuwa hesabu ya juu haimo. PCM hufungua uinjinia na kufunga udaktari. Tangu mwaka 2024 tahasusi mpya nyingi zimeongezwa, na nyingine bado ni ngeni hata kwetu walimu. Mtu asichague mpya kwa upya wake mpaka ameangalia katika mwongozo wa Tume programu zipi zinaitaja.

Ukishajua milango iliyo wazi, tafuta ule wenye ukumbi mpana nyuma yake. Nadhani hili ndilo jambo lenye manufaa kupita yote niliyomwambia yule mwanafunzi. Programu hazilingani kwa upana. Nyingine ni kama njia ya kihamba, hupita kati ya migomba ya watu wawili tu na kuishia nyumbani kwa mtu mmoja. Nyingine ni kama njia panda ya Himo: toka hapo utakwenda Moshi, au Marangu na Rombo, au Holili mpaka Taveta, au utashuka Same kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Aliyesoma takwimu huweza kufanya kazi benki, hospitali, wizarani, katika kilimo au katika utafiti, na akipenda huongeza shahada ya pili ya jambo jingine. Aliyesoma biolojia au kemia hana kazi moja yenye jina lake, lakini ana nyingi. Sheria nayo ni pana kuliko watu wanavyodhani. Ualimu wa masomo mawili, kwa mfano hesabu na jiografia, humwezesha mtu kukaa na masomo mawili kwa miaka yote mitatu, naye huona mwenyewe lipi linamvuta. Mimi niliingia nikidhani jiografia ndiyo yangu. Leo nafundisha hesabu kutwa nzima wala sichoki.

Kwa upande mwingine, jina refu lenye maneno matano, linalotaja kazi moja katika ofisi moja, lafaa kwa yule anayeijua kazi ile na kuipenda. Kwa asiyeamua ni hatari.

Kisha aende akaone. Twaishi mahali penye bahati, nasi hatuitumii. Kutoka Himo kwenda Moshi ni safari fupi ya basi dogo. Pale pana Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na chuo kikuu chake cha udaktari. Pana Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963, mbegu yake ikiwa katika vyama vya wakulima wa kahawa wa mlima huu, nacho kikawa chuo kikuu mwaka 2014. Pana Chuo Kikuu cha Mwenge. Juu kidogo, Mweka, pana chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963, ambako watu wa nchi nyingi za Afrika huja kusoma, na sisi wenyeji twakipita tukienda kuwasalimu wajomba. Mwanafunzi atafute anayesoma huko, amwombe amwonyeshe daftari lake. Ndiyo, daftari. Matangazo ya chuo yana picha za watu wakicheka chini ya miti, lakini daftari la mwaka wa pili huonyesha kazi yenyewe. Ukisoma kurasa tatu ukataka kuuliza swali, hiyo ni dalili. Ukisoma kurasa tatu ukapiga miayo, hiyo nayo ni dalili.

Nao wanaopata nafasi ya kufika Dar es Salaam wakati wa maonyesho ya vyuo vikuu, pale Mnazi Mmoja, wasiulize ada tu. Waulize: mwaka wa kwanza nitasoma nini, na je, katika kitivo hiki programu zipi husoma masomo hayohayo mwaka wa kwanza? Swali hili la pili lina faida kubwa. Ikiwa programu mbili zina mwaka wa kwanza unaofanana, basi anayekosea ya kwanza hana safari ndefu kwenda ya pili.

Nimetaja kuhama. Kuhama programu au chuo kunaruhusiwa, ila kwa taratibu: Tume hutangaza muda wake, ambao ni mfupi na huja mapema, mwanafunzi awe na sifa za programu anayoiendea, na nafasi iwepo. Kwa hiyo anayeingia akiwa na mashaka asingoje mitihani ya mwisho wa mwaka ndipo afikiri. Atumie wiki za kwanza. Aingie darasani kwa wenzake wa programu nyingine, akae nyuma, asikilize. Mimi sikufanya hivyo. Nililala bwenini nikijihurumia.

Habari ya mkopo nayo lazima niiseme, ingawa si tamu. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kila mwaka hutoa mwongozo wake, nao huonyesha masomo yanayopewa kipaumbele; kwa hiyo programu unayochagua huweza kugusa mkopo unaopata. Mwombaji hutakiwa kuhakiki cheti chake cha kuzaliwa kwa RITA, na wazazi wengi wa vijijini huanza kukitafuta cheti wakati dirisha limebaki wiki moja. Kitafuteni sasa. Na mkopo ni deni: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka liishe. Mwaka mmoja wa kukosea chuoni hulipwa mara mbili.

Ndiyo maana siwacheki wanaoamua kungoja mwaka mmoja. Baba mmoja hapa Himo aliniuliza kama kungoja si uvivu. Nilimjibu kuwa hutegemea kijana anangojea wapi. Akikaa duka la dawa akipanga maboksi, au ofisi ya mhasibu wa chama, au shamba la mtu anayefuga kwa utaalamu, hapotezi kitu. Akikaa kibarazani na simu, hilo ni jambo jingine. Iko pia njia ya stashahada, ambayo wazazi wengi huidharau. Aliyefaulu stashahada kwa kiwango kinachotakiwa huweza kuingia shahada, naye huingia akiijua kazi tayari. Miongoni mwa wenzangu wa chuo, hao ndio waliokuwa na maswali mazuri darasani.

Wazazi wanisamehe neno moja. Mtoto akisema "sijui", msimwambie, "Basi kawe daktari." Na mtoto akijua kuwa mlango anaotakiwa na baba yake umefungwa, amwambie baba mapema, kwa heshima, hata kama itambidi atumie shangazi au mjomba kulifikisha.

Yule mwanafunzi alirudi baada ya wiki mbili. Yeye ni wa CBG. Alikuwa na karatasi yenye programu tano, mbili zimekatwa kwa kalamu nyekundu. Alikuwa amekwenda Mweka Jumamosi na binamu yake, na alikuwa ameshika daftari la mtu la elimu ya misitu, ambalo aliniomba ruhusa ya kukaa nalo bwenini kwa wiki moja. Bado hajui, alisema. Ila sasa hajui kati ya vitu vitatu.

Mwongozo wa Tume wa mwaka huu nimeuchapa. Uko maktaba, katika kabati la pili karibu na dirisha, pamoja na ule wa Bodi ya Mikopo. Wazazi pia wanaruhusiwa kuja kuusoma Alhamisi mchana. Tafadhali msikunje kurasa.